Mizani Mbili za Kodi

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Historia ya kodi katika Kenya chini ya utawala wa Waingereza yaithibitisha methali hii vizuri. Kati ya mwaka 1901 na mwaka 1937 serikali moja, katika nchi moja, ilifikia hatua ya kuwapima watu wake kwa mizani mbili zisizolingana, na kila mizani ilikuwa na watetezi walioiita haki. Yafaa historia hiyo isomwe, maana huonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kumdhulumu mlipaji kabla hajatoa hata senti moja.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kibanda. Kanuni za mwaka 1901 ziliamuru kila kibanda cha Mwafrika kilipiwe rupia chache kwa mwaka, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasiokuwa na kibanda cha kulipia. Fikira hii haikukosa mantiki yake. Mkulima asiyeandika daftari wala kupokea mshahara hana pato lililo rahisi kuhesabiwa. Kibanda hakifichiki, na wingi wa vibanda ulidhaniwa kuwa alama ya wingi wa wake, na wingi wa wake alama ya mali. Lakini alama ya mali si mali. Mjane mwenye kibanda kimoja na watoto wa kulea alipimwa sawasawa na mzee mwenye kibanda kimoja na zizi lililojaa ng'ombe. Mtu aliyewarithi wajane wa nduguye, kama desturi za makabila mengi zilivyomtaka, alirithi na kodi ya vibanda vyao. Tena wakuu wa serikali hawakuficha kwamba kodi ilikuwa na kazi ya pili, yaani kumtoa mtu kwake ili akatafute fedha katika mashamba ya walowezi. Kodi yenye kusudi hilo haiwezi kumhurumia asiye na fedha, kwa kuwa ndiye hasa iliyemkusudia.

Mwaka 1920 kodi hiyo ilipandishwa hadi rupia 8, ambazo fedha ya nchi ilipobadilishwa zikawa shilingi 16. Mwaka uliofuata bei za mazao zilianguka, na walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya wafanyakazi wao kwa theluthi moja. Hivyo mzigo uliongezwa wakati mgongo ulipokuwa ukikonda. Kodi, mishahara na kipande vikawa miongoni mwa malalamiko yaliyopazwa na Harry Thuku na wenzake mjini Nairobi. Machi 1922 Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe wakapigwa risasi, wengi wakafa. Mwaka huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na sheria nyingine. Kodi ya mapato, ambayo ingewagusa hasa Wazungu na Wahindi wenye kipato, ilitungiwa sheria mwaka 1920, lakini walowezi waliipinga kwa nguvu, na mwaka 1922 ikafutwa. Pengo lake lilizibwa kwa ushuru wa forodha. Ushuru huo ulimfikia kila mnunuzi wa kitambaa dukani, hali mashine za kilimo ziliingia nchini kwa msamaha. Malalamiko mawili yalifika mbele ya serikali moja: la wenye mapato lilifuta kodi nzima, la wenye vibanda lilipunguza shilingi 4, baada ya damu kumwagika.

Uzito wa tofauti hii huonekana kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe kwamba mfanyakazi alipata shilingi 12 kwa mwezi, yaani shilingi 144 kwa mwaka. Kodi ya shilingi 12 ilikuwa sehemu moja katika 12 ya pato lake, jasho la mwezi mzima. Mwenye pato la pauni 600, yaani shilingi 12,000, akitoa shilingi 60 amelipa mara tano ya mfanyakazi, naye aweza kujisifu kwamba ndiye abebaye nchi; lakini ametoa sehemu moja katika 200. Na hata kama wote wawili wangetoa sehemu moja katika 12, mmoja angebaki na shilingi 11,000 na mwingine 132. Hapo ndipo walipokuwa wamefika wanazuoni wa Uingereza zamani. Adam Smith, mwaka 1776, alifundisha kwamba raia wachangie kwa kadiri ya uwezo wao. John Stuart Mill, mwaka 1848, alitaka kodi ilete usawa wa kujinyima, na kile kimtoshacho mtu kwa riziki ya lazima kisiguswe. Mafundisho haya yalijulikana London. Yalichelewa sana kuvuka bahari.

Mwaka 1932 Lord Moyne, aliyetumwa kuchunguza fedha za Kenya, alilinganisha kilichotolewa na kila jamii na huduma ilizopata. Aliona kwamba Waafrika walitoa sana na kurudishiwa kidogo, akapendekeza kodi ya mapato. Uchunguzi wake ulikuwa hatua kubwa, ingawa nao ulikuwa na upungufu: ulipima watu kwa makundi ya rangi. Karani wa Kihindi na tajiri wa Kihindi waliwekwa katika safu moja, na mjane na mwenye zizi wakabaki pamoja katika safu nyingine. Wastani wa kundi huweza kuwa wa kweli bila kumweleza mtu hata mmoja aliyemo.

Walowezi walipinga tena, na kodi nyingine zikatungwa badala ya hiyo. Hatimaye Sir Alan Pim alirudia pendekezo hilo mwaka 1936, na mwaka 1937 kodi ya mapato ikaanza. Tanganyika na Uganda zikafuata mwaka 1940. Sheria mpya ilikiri kwamba pato dogo lisitozwe, na kwamba mwenye mke na watoto apunguziwe. Lakini kodi ya kibanda haikuondolewa. Basi katika nchi moja mke alimpunguzia kodi mlipaji wa mapato, na mke wa pili mwenye kibanda chake alimwongezea kodi mlipaji wa kibanda. Sheria ya kwanza ilimwuliza mtu amebakiwa na nini na ana nani wa kulisha. Ya pili ilihesabu mapaa.

Kodi ya kibanda imekwisha kupita, lakini namna yake ya kupima haikuzikwa nayo. Kila kodi inayotoza kiasi kimoja kwa wote, na kila ushuru wa kitu asichoweza maskini kukosa, huhesabu mapaa kwa jina jingine. Atakaye kuihukumu kodi yoyote asiridhike kuambiwa nani katoa fedha nyingi zaidi. Na aulize kila mlipaji amebakiwa na kiasi gani, na kilichobaki chatosha nini.