Kurekebisha insulini katika mlo wenye wanga kidogo

Kurekebisha insulini katika mlo wenye wanga kidogo ni kulinganisha dozi na wanga uliopungua kwenye sahani, ili sukari ya damu isishuke hadi kiwango cha hatari wala isipande kwa kukosa dawa. Mlo huhesabiwa kuwa wa wanga kidogo ukiwa na chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Ule mkali hauvuki gramu 50. Kwa mkazi wa Kabati, Kitui Magharibi, hayo ni mageuzi makubwa, kwa kuwa chakula cha Ukambani hutegemea mahindi na jamii ya kunde: muthokoi (mahindi yaliyokobolewa), isyo (mchanganyiko wa mahindi na maharagwe), ngima (ugali), mbaazi na ndengu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa takriban gramu 75. Ndengu zilizopikwa zina karibu gramu 20 katika gramu 100, na sehemu ya hizo ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzikataza, ila zipimwe. Mayai, nyama ya mbuzi, kuku, sukuma wiki na majani ya kunde vina wanga kidogo mno.

Mwili huhitaji insulini kwa kazi mbili. Ya kwanza ni ya msingi: kuzuia ini lisimwage sukari ovyo na mafuta yasivunjwe bila kikomo, usiku na mchana, hata mtu asipokula. Ya pili ni ya chakula. Mlo ukibadilika, inayopungua zaidi ni ile ya chakula. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi kamwe insulini ya msingi, hata kama hali wanga kabisa. Kabla ya insulini kuanza kutumiwa kwa binadamu Toronto mnamo Januari 1922, watoto wenye ugonjwa huo walilishwa kidogo sana, wanga ukinyimwa karibu wote. Waliongezewa muda kidogo wa kuishi, na bado wengi walikufa.

Hesabu ya insulini ya chakula huanza kwa kugawanya 500 kwa jumla ya uniti za siku. Anayetumia uniti 50 hupata 10, yaani uniti moja ya insulini ya haraka hutosha gramu 10 za wanga. Kwa kugawanya 100 kwa jumla ile ile hupatikana 2: uniti moja hushusha sukari kwa takriban 2 mmol/L. Sahani ya muthokoi yenye gramu 60 za wanga itahitaji uniti 6. Sahani ya mayai na sukuma wiki pamoja na kipande kidogo cha kiazi, yenye gramu 10, itahitaji uniti 1. Aliyezoea 6 akijidunga 6 hiyo hiyo, uniti 5 zilizozidi zinaweza kushusha sukari kwa 10 mmol/L, kiasi cha kumpoteza fahamu. Namba hizi ni za kuanzia tu. Vipimo vya sukari ndivyo huzisahihisha. Nyama nayo isisahauliwe: wanga ukikosekana, sehemu ya protini hugeuzwa sukari polepole, na kipimo kinaweza kupanda saa tatu hadi tano baada ya kula.

Ugumu mkubwa huwapata wanaotumia insulini ya mchanganyiko, yenye asilimia 30 ya ile ya muda mfupi na 70 ya muda wa kati, ambayo hutumika sana katika hospitali za umma za Kenya. Sehemu moja haipunguzwi bila nyingine. Dozi ya saa kumi na mbili asubuhi hufanya kazi kwa nguvu hadi mchana, ikisubiri ngima ambayo sasa haipo. Dozi ya jioni hufanya hivyo hivyo mtu akiwa amelala. Mtu wa namna hii asipunguze wanga ghafla kabla ya kliniki kumpangia dozi mpya, au kumtenganishia aina mbili za insulini. Tahadhari hiyo hiyo humhusu anayekosa mlo kwa sababu ya ukame.

Katika kisukari cha aina ya pili, madaktari wengi hupunguza jumla ya insulini kwa asilimia 30 hadi 50 siku mlo mkali unapoanza. Vidonge vya glibenclamide navyo hupunguzwa au husimamishwa. Dapagliflozin na empagliflozin, zinazotoa sukari kwa mkojo, husimamishwa, kwani pamoja na mlo huu zinaweza kuleta sumu ya ketoni, yaani asidi zinazotokana na kuvunjwa kwa mafuta, huku kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida.

Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, au mtu akitetemeka, akitokwa jasho na kuchanganyikiwa, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Mlo wa wanga kidogo si sababu ya kumnyima sukari hiyo. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Vivyo hivyo anayetapika, anayehema kwa nguvu na kuumwa tumbo, kwa sababu huenda ketoni zimezidi, na tiba yake ni insulini na maji ya mshipani.