Feni iliyoachana na injini: kwa nini Corolla nyingi zimefungwa "dairekti"

Ukipanda Corolla ya miaka ya tisini pale Dodoma, sikiliza dereva anapowasha gari. Kama feni ya rejeta inaanza kuvuma papo hapo, injini ikiwa bado ya baridi, ujue fundi ameshaifunga dairekti. Yaani waya za kiwandani zimerukwa na feni imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa swichi ya funguo: funguo ikiwashwa, feni inazunguka, ikizimwa, inalala. Mwenye gari anaridhika kwa sababu halichemshi tena. Sasa, kwa nini mtengenezaji hakufanya hivyo tangu mwanzo?

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mfuniko wa rejeta upo kwa ajili hiyo: unabana shinikizo ndani. Mfuniko mzima wa baa 0.9 unasogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 116. Ukilegea mpira wake, umerudi kwenye 96. Ishike hiyo namba, tutaihitaji.

Mashine kupata joto nyanda hizi si habari mpya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, wakaleta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, mengine masalia ya vita, kwenye nchi ambayo maji ya kunywa tu ni shida. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kulikuwa na sababu nyingi, ila mtu yeyote aliyewahi kutafuta ndoo ya maji ya rejeta Kongwa mwezi wa kumi anaweza kuiongeza moja.

Magari ya enzi hizo, Land Rover za mwanzo zikiwemo, feni ilifungwa kwenye puli ya pampu ya maji na kuzungushwa na mkanda. Hakuna waya hata mmoja. Injini ikizunguka, feni inazunguka, basi. Uzuri wake ni kwamba mkanda unauona kwa macho, na ukikatika unafunga mwingine. Ubaya wake ni kwamba ukipanda mlima polepole, pale joto linapozidi, injini haizunguki sana na feni nayo inalegea. Ukienda kasi barabarani upepo unatosha wenyewe, lakini feni bado inakula nguvu na mafuta bure.

Peugeot walilitatua hilo kwa njia ambayo mimi naiona ya kiufundi kuliko zote. Kwenye 404, na baadaye 504, feni iliendelea kukaa mbele ya injini, lakini puli ilikuwa na sumaku ya umeme. Swichi ya joto kwenye rejeta ikipata moto, inafunga mzunguko, umeme unapita kwenye kipande cha kaboni kinachogusa puli inayozunguka, sumaku inaivuta feni na wote wanaenda pamoja. Ikipoa, feni inaachiwa. Hizi ndizo gari zilizotamba kwenye Safari Rally: Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967.

Tatizo ni vumbi. Kaboni ikiisha, au waya ukikatika, sumaku haishiki na feni inaelea tu. Fundi wa njiani alikuwa na jibu: kaza skrubu za kurekebisha nafasi hadi feni igande kwenye puli. Dairekti ya kwanza hiyo, kabla ya Corolla.

Kisha mwaka 1983 Toyota wakabadilisha Corolla ya saluni ivute kwa magurudumu ya mbele, injini ikalazwa ubavu. Puli sasa inatazama upande wa tairi, rejeta iko mbele. Mkanda hauwezi tena kuifikia feni kirahisi, kwa hiyo feni ikapewa mota yake na waya zake. Huku kwetu, kuanzia 1984 serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na zaidi miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi. Fundi aliyezoea Peugeot akafungua boneti na kukuta swichi ya joto. Akadhani ni ileile.

Siyo. Kwenye Corolla nyingi za miaka hiyo swichi inafanya kazi kinyume. Ikiwa baridi, imefunga mzunguko, na umeme unaopita unaishikilia rilei ili feni isiwake. Maji yakifika kama nyuzi 93, swichi inaachia, rilei inarudi kwenye hali yake ya kawaida, feni inawaka. Walikusudia: waya ukikatika, feni iwake yenyewe badala ya kufa. Kwenye Peugeot waya ukikatika unachemsha.

Kwa hiyo kipimo kinageuka. Kwa Peugeot unaunganisha waya wa swichi ili feni ishike. Kwa Corolla hizi unachomoa soketi ya swichi, funguo ikiwa imewashwa, na feni inatakiwa iwake. (Weka vidole mbali, feni ya umeme haisubiri injini.) Ikiwaka, basi mota, fyuzi na rilei ni vizima: shuku swichi, maji pungufu, hewa ndani ya rejeta, au themostati. Isipowaka, ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, kosa liko njiani: fyuzi, rilei, soketi iliyoungua, au ethi iliyoshika kutu kwenye bodi. Fundi anayeunganisha waya za Corolla kama za Peugeot anaona feni imekaa kimya, anahukumu mota imekufa, na wewe unanunua mota.

Sasa ile namba. Swichi inaamsha feni kwenye 93, maji bila mfuniko mzuri yanachemka kwenye 96. Nyuzi tatu tu! Dar es Salaam zingekuwa saba. Gari linachemsha huku feni ikiwa haina kosa lolote, fundi anaifunga dairekti, na mfuniko wa bei ndogo unabaki mbovu palepale.

Na dairekti ina gharama zake. Feni ya wati 120 kwenye volti 12 inavuta ampea 10, na mara nyingi zinapitishwa kwenye swichi ya funguo bila rilei. Kiungo kibovu chenye omu 0.3 kinakula volti 3 na kutoa wati 30 za joto ndani ya plastiki. Soketi inayeyuka, feni inapungua kasi, na siku inapozima dereva hajui, kwa sababu ameshazoea kutoangalia geji. Hedi ikipinda, hapo ndipo teksi inapaki wiki mbili.

Ukitaka kuirudisha, mwambie fundi akuwekee rilei, fyuzi na swichi ya aina ya gari lako, na anza na mfuniko, injini ikiwa imepoa kabisa.