Daktari Aliyepima Choo

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Alianzia Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Jambo moja lilimshangaza: saratani ya utumbo mpana, iliyoua wengi kwao Ulaya, ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini Afrika. Mwaka 1971 aliandika kwamba tofauti ni chakula, hasa nyuzinyuzi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya choo, kwa maana halisi ya neno. Mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku. Mwingereza hakufikisha hata nusu. Waliocheka walikuwapo.

Mwaka huohuo wa 1972, bila kuhusiana naye, watafiti Kerr, Wyllie na Currie walieleza huko Aberdeen, Uskoti, jinsi seli inavyojiua kwa utaratibu: hunywea, hukatika vipande, ikamezwa na jirani zake. Seli za saratani hugoma kufa hivyo.

Mambo hayo mawili, nyuzinyuzi na kifo cha seli, yalikutana Bristol, Uingereza. Bakteria wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti. Seli nzima huichoma kupata nguvu. Ya saratani hutegemea zaidi sukari, hivyo butireti hulundikana ndani ya kiini na kubadili jeni zinazofanya kazi. Mwaka 1993 kundi la mtafiti Christos Paraskeva wa huko lilionyesha kuwa butireti huua seli za uvimbe wa utumbo hata bila msaada wa p53, jeni inayojulikana kwa kuamuru seli mbovu zife.

Mwili nao una TGF-beta, mojawapo ya protini zinazosimamia ukuaji, ambayo huzizuia seli za utumbo kuongezeka ovyo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walikuta baadhi ya uvimbe umeharibu kipokezi chake: amri inatolewa, hakuna wa kuisikia.

Halafu, mwaka 2000, majaribio mawili makubwa ya Marekani hayakuona nyuzinyuzi zikizuia vinyama vya utumbo kurudi. Pigo hilo lilikuwa zito, ingawa miaka michache ni muda mfupi kwa ugonjwa unaokua taratibu. Mwaka 2015 Wamarekani weusi na Waafrika Kusini wa vijijini walibadilishana mlo kwa wiki mbili tu. Butireti ikapanda mara mbili na nusu kwa Wamarekani, ikashuka kwa nusu kwa Waafrika.

Kwa hiyo dona na maharage vina utetezi wa kisayansi. Wauza unga wa miujiza hawana: kuua seli kwenye sahani ya maabara si kumponya mgonjwa. Ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali.