Kuiongeza Mbio Mashine ya Boti kwa Pesa Kidogo: Mambo Niliyoyaona Ndhiwa

Makala haya yameanzia mbali na bahari. Mwana wa dadangu anafanya biashara ya omena, makazi yake ni Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, na boti yake inakaa ufuoni Sori, upande wa Migori. Mashine yake ni Yamaha ya nguvu farasi 15, ya tustroki, aliyoinunua kwetu Pwani ikiwa imetumika. Mtwapa ilikuwa inaruka. Alipoifikisha ziwani ikawa nzito, inatoa moshi, na vijana wenzake wakampita kila waliposhindana baada ya kazi. Akanipigia simu: "Mjomba, mashine ni ileile, propela ni ileile. Nani kaniroga?"

Nilipofika kumtembelea, mashine ilikuwa imelazwa kwenye karakana ya jua kali Ndhiwa, katikati ya trela za miwa zinazochomelewa. Fundi alikuwa tayari kuichonga hedi ili kuongeza mgandamizo, na kukata sailensa ili "ipumue". Bei waliyoafikiana ingetosha kununua propela mpya na chenji ikabaki. Nikamwomba asubiri siku moja.

Aliyemroga ni mwinuko wa nchi. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, msukumo wake ni kama asilimia 88 ya ule wa Mombasa, na injini ya kabureta isiyo na taabo hupungukiwa kwa kiasi hichohicho. Farasi 15 wa Mtwapa huwa kama 13 Sori. Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huendelea kumwaga petroli ileile ilhali hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi za kijana zilikuwa nyeusi na zimelowa. Plagi ya mashine iliyo sawa hutoka na rangi ya kahawia, kama chokoleti. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi na pistoni iko hatarini. Ikiwa nyeusi mbichi, petroli imezidi. Kusoma plagi hakugharimu chochote isipokuwa spana.

Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi. Ni kidude cha shaba kidogo kuliko ncha ya kidole, na bei yake haifiki bei ya kuichonga hedi. Ushuke hatua moja kwa wakati, ujaribu, usome plagi tena. Na yeyote atakayeirudisha mashine Pwani airudishe jeti kubwa kabla ya kuiwasha baharini. Hapo ndipo watu huunguza pistoni, wakamlaumu aliyewauzia.

Sasa tuje kwenye propela, kwa sababu mbio nyingi za bei nafuu ziko hapo. Propela husomwa kwa namba mbili za inchi: upana wake, na hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mgumu kama mbao. Mashine nyingi za 15 hutakiwa kufikia mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika petroli ikifunguliwa yote. Gia ya chini huipunguza: katika Yamaha 15 propela huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara 2.08. Piga hesabu. Kwa mizunguko 5,500 na hatua ya inchi 10, boti ingeenda kilomita 40 kwa saa. Maji huteleza, kwa hiyo ondoa kama moja ya tano, ubaki na 32 hivi kwa boti nyepesi.

Vijana wengi hufikiri hatua kubwa ndiyo mbio kubwa. Ni kweli ikiwa mashine inaweza kuizungusha. Ya kijana wetu ilikuwa na hatua ya 11, nayo ziwani ilikwama kwenye mizunguko 4,600, kama mtu anayepanda mlima kwa gia ya nne. Tulipoweka hatua ya 9 pamoja na jeti ndogo, ikapanda hadi 5,200. Kwa kawaida kila inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Anayetaka kushindana anahitaji propela mbili, moja ya kazi yenye mzigo na moja ya boti tupu, na kipima mizunguko kile cha bei ndogo kinachozungushiwa waya wa plagi. Bila kipimo hicho mtu anabahatisha tu kwa sikio, na sikio hudanganywa na kelele.

Mbio nazo zipimwe kwa simu. Programu yoyote ya ramani inayoonyesha mwendo inatosha. Kimbia njia moja kwenda, njia ileile kurudi, chukua wastani, maana upepo wa ziwani mchana humsaidia mtu upande mmoja akajiona bingwa.

La tatu ni kimo cha mashine kwenye ubao wa tezi. Juu ya propela pana bapa pana la chuma. Kwa boti ya kawaida bapa hilo hukaa sambamba na chini ya mkuku. Mashine ikining'inia chini zaidi inavuta maji bure. Weka kipande cha mbao chini ya vibanio, uinue nusu inchi, ujaribu. Endelea hivyo mpaka propela ianze kunyonya hewa kwenye kona, kisha urudi chini nusu inchi. Wakati wote tazama maji yanayotoka ubavuni mwa mashine. Yakikatika, zima papo hapo. Ghuba ya Winam ina gugu maji na vijiti vyake huziba tundu la kupozea. Kwetu ni mifuko ya plastiki.

Halafu uzito. Hapa watu wa Lamu wanaojua mashindano ya majahazi hawahitaji kufundishwa: omo ikizama au tezi ikilemewa, umeshapoteza. Kumba maji yote ya ngama, mtungi wa petroli usogeze mbele, safisha chini ya boti hadi iteleze mkononi. Boti ya mbao iliyoloweka maji miezi mitatu hubeba kilo ambazo hakuna hedi iliyochongwa itakayozilipa. Na ikiwa umbo la boti ni la kukata maji tu, halipandi juu yake, hata mashine ya 40 itachimba wimbi kubwa na kumaliza petroli.

Nirudi kwa fundi wa hedi, nisimdhulumu. Kuongeza mgandamizo kidogo kuna maana zaidi ziwani kuliko Mombasa, kwa kuwa hewa nyepesi hupunguza hatari ya petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Lakini kazi hiyo hufanywa baada ya kupima silinda zote mbili. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, ringi zimechoka na hedi haina kosa. Ama kukata sailensa, sikubaliani nako hata kidogo. Tustroki hutegemea wimbi la moshi linalorudi kuzuia petroli mbichi isitoroke. Ukikata ovyo unapata kelele, na mara nyingi unapoteza nguvu.

Oili isipunguzwe ati moshi ni mwingi. Kwa mashine nyingi za aina hii ni moja kwa 50: lita 20 za petroli, mililita 400 za oili yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki haikutengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa.

Kuna ujanja mmoja ambao waandaaji wa mashindano wanapaswa kuujua. Yamaha zina 9.9 na 15 za tustroki zenye ujazo uleule, sentimita za ujazo 246. Johnson na Evinrude nao waliuza jozi kama hiyo kuanzia miaka ya 1970, na tofauti kubwa ilikuwa kwenye kabureta. Kwa hiyo mtu anaweza kubandika kabureta ya 15 kwenye mashine yenye kibandiko cha 9.9 na kushindana na wadogo. Kwa mwenye mashine ni nyongeza ya rahisi kuliko zote. Kwa mashindano ni wizi, na anayekagua afungue kofia ya mashine, asisome kibandiko.

Tuliijaribu Sori asubuhi ziwa likiwa shwari. Kutoka kilomita 25 kwa saa ikafika 28, kwenda na kurudi. Si ajabu kubwa, lakini mashine haikuchongwa popote na jioni yake ilienda kazini kama kawaida.

Kabla hatujaanza, nilimuuliza iko wapi kamba ya kuzimia mashine, ile nyekundu ya kujifunga mkononi. Akacheka: "Mjomba, hiyo ilikatika zamani, nimefunga waya swichi isizime." Nahodha akirushwa na kona, boti isiyo na kamba huzunguka na kumrudia. Tulitafuta kamba mpya Homa Bay nzima, tukaipata duka la tatu, na vizibao viwili vya kuokolea maisha. Siku ile hatukukimbia mpaka swichi iliponyooshwa, na vijana wa BMU waliokuwa wakitutazama wakaomba waonyeshwe inavyofungwa.