Mchoro wa Mkono au Nakala?

Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilichapwa kwa wingi, lakini kila mchoro wa mkono uliochapwa humo ulikuwa mmoja tu. Anayeletewa mchoro wa aina hiyo leo asitosheke na sahihi, kwani huigwa. Atazame kwa lenzi: alama za penseli chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa. Lakini hata hizo mwigaji aweza kuziongeza. Kwa hiyo mchoro ulinganishwe pia na ukurasa uliochapwa, mstari kwa mstari.

Wapo wanaoona gundi na maandishi ya mhariri pembeni kuwa uchafu. Sivyo: ni nyayo za safari ya mchoro kutoka mezani hadi mtamboni. Mchoro unapohifadhiwa, ukungu na mipasuko vizuiwe visienee, lakini ushahidi huo usifutwe.