Wayaaku wapigania kufufua lugha yao

KIYAAKU ni miongoni mwa lugha za Kenya zilizokaribia kutoweka kabisa. Wenyewe, ambao pia huitwa Wamukogodo, huishi katika msitu wa Mukogodo na viungani mwake, Laikipia.

Lugha hiyo ni ya Kikushi, hivyo haina nasaba na Kimaasai, lugha ya Kiniloti ambayo Wayaaku huizungumza leo.

Zamani jamii hii ilikuwa ya wawindaji na warinaji asali waliokaa mapangoni. Mahari ilitolewa kwa mizinga ya nyuki. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1920 na 1930, Wayaaku walipozidi kuoana na majirani wafugaji. Hao walilipa mahari kwa mifugo, na wazazi wa mabinti wakaipendelea. Kijana wa Kiyaaku asiye na mifugo akakosa mchumba. Ikambidi naye afuge.

Pamoja na ufugaji kikaja Kimaasai. Wazazi wakaacha kuwarithisha watoto lugha ya jamii iliyobezwa kwa jina "Iltorobo", yaani mafukara wasio na ng'ombe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wayaaku waliunda chama cha kutetea lugha na msitu wao. Wanaisimu kutoka Uholanzi walifika kunakili maneno ya wazee wachache waliosalia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, huitaka serikali ikuze na kulinda lugha za kiasili. Hata hivyo, maneno yaliyohifadhiwa daftarini hayatoshi. Kiyaaku kitafufuka tu iwapo watoto watakizungumza nyumbani.