Kuwahesabu Walioondoka Mikono Mitupu

Ukitaka kujua duka limeuza nini leo, uliza mashine ya keshia. Itakupa jumla, risiti moja moja, hata saa na dakika. Sasa iulize ni watu wangapi waliingia, wakageuza kibandiko cha bei, wakatikisa kichwa na kwenda zao. Haijui lolote. Kwa mashine ya keshia, mtu ambaye hakununua hakuzaliwa.

Leo basi tuangalie jinsi wenye maduka walivyojaribu kuwahesabu hao wengine, na mahali ambapo kuhesabu kuligeuka kuwa jambo tofauti kabisa.

Mashine ya keshia yenyewe ilitoka kwa mwenye baa. James Ritty alikuwa na baa mjini Dayton, jimbo la Ohio kule Marekani, na wahudumu wake walikuwa wakitia pesa mifukoni mwao. Akiwa safarini kwa meli kwenda Ulaya, aliona kifaa kinachohesabu mizunguko ya pangaboi la meli. Akajiuliza, kwani pesa haziwezi kuhesabiwa hivyo? Mwaka 1879 yeye na nduguye John wakapata hataza ya mashine yao. Viwanja vya kandanda vya Uingereza vilifuata wazo hilohilo kabla karne hiyo haijaisha: geti la chuma linalozunguka, mtu mmoja kwa wakati, na ndani yake kihesabio ambacho mtoza viingilio hawezi kukichezea. Namba ikisoma 900, lete pesa za watu 900.

Tazama vizuri hapo. Mashine zote mbili zilimlenga mfanyakazi. Mteja hakuwa na shida yoyote nazo. (Mwenye matatu yeyote Nairobi ataelewa uchungu wa hao wazee: gari analijua lina viti 14, ila limejaa na kushusha mara ngapi, hilo analijua makanga na Mungu.)

Mambo yalibadilika duka lilipoanza kujihudumia. Kabla ya hapo ulisimama kaunta, ukataja unachotaka, ukaletewa. Muuzaji alimwona kila aliyeingia. Mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, ambako mteja alipitia geti la kuzunguka, akafuata njia moja iliyompitisha mbele ya rafu zote, akalipa wakati wa kutoka. Mwaka uliofuata alipata hataza ya mpango huo. Supamaketi zetu zote ni wajukuu wa duka lile. Lakini mwenye duka alilipa gharama isiyoonekana: hakukuwa tena na mtu wa kaunta wa kumwambia, "Leo wengi wameulizia sabuni ile, wakasikia bei wakaondoka."

Ndiyo maana namba ya mlangoni ina thamani. Tuseme Jumamosi iliyopita waliingia watu 400 na risiti zikawa 100. Jumamosi hii wameingia 600, risiti ni 100 zilezile. Mashine ya keshia itasema hakuna kilichobadilika. Ukweli ni kwamba tangazo lako limefanya kazi na kitu fulani ndani ya duka kimeharibika: labda foleni, labda bidhaa imekwisha. Bila namba ya mlangoni utamfukuza mtu wa matangazo, ambaye ndiye pekee aliyefanya kazi yake.

Kupata namba hiyo si rahisi kama inavyosikika. Njia ya zamani ni mwali wa mwanga kukatiza mlango, na kila ukikatwa, ongeza moja. Wapenzi wawili walioshikana mikono ni mtu mmoja. Askari wa mlangoni anayezungukazunguka ni wateja 300. Ukiweka miali miwili unapata mwelekeo: ukikatwa A kisha B, mtu kaingia, B kisha A, katoka. Msimbo wake unaweza kuuandika kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba makosa madogo hujilimbikiza, na ukitaka kujua walioko ndani kwa kutoa waliotoka kutoka kwa walioingia, saa ya kufunga mashine itakuambia bado kuna watu 11 dukani huku askari akimwona paka peke yake. Wakati wa Korona mwaka 2020, maduka yalipowekewa kikomo cha watu ndani, tatizo hili dogo la hesabu likawa kubwa ghafla.

Wengine waliacha mashine wakatumia macho. William H. Whyte alianza kurekodi viwanja vya wazi vya New York kwa kamera za filamu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake kikatoka mwaka 1980. Aligundua, kwa mfano, kwamba watu wanaosimama kupiga gumzo hawasogei kando. Husimama katikati kabisa ya njia. Paco Underhill aliupeleka utazamaji huo madukani. Katika duka la Bloomingdale's, New York, watu wake waliona kuwa wateja waliochagua tai karibu na mlango waliondoka kila walipoguswaguswa kwa nyuma na wapitaji. Tai zikahamishwa, mauzo yakapanda. Mimi napenda sana kisa hicho, kwa sababu hakuna kihisi cha mlangoni ambacho kingekisema. Lakini watazamaji ni ghali, na huchoka.

Kisha watu wakaanza kutembea na rununu zenye Wi-Fi. Simu ikitafuta mtandao hupiga kelele hewani, "Kuna mtu hapa?", na zamani kila kelele ilibeba anwani ya MAC, namba ya kudumu ya kifaa hicho. Weka kipokezi dukani na huhitaji mwali tena. Unajua simu ngapi zimeingia, zimekaa dakika ngapi, na, hapa ndipo penye kasheshe, kama ni ileile iliyokuja Jumanne iliyopita. Duka la Nordstrom lilijaribu teknolojia hiyo na kampuni ya Euclid, likabandika tangazo, wateja wakalalamika, na jaribio likasimamishwa Mei 2013. Agosti mwaka huohuo ikajulikana kuwa mapipa 12 ya taka jijini London, ya kampuni ya Renew, yalikuwa yakisoma simu za wapita njia. Mamlaka ya City of London ikaamuru yakome.

Jibu la makampuni lilikuwa lilelile: usiogope, hatuhifadhi anwani yako, tunaisaga kwa fomula hadi isitambulike. Wasanidi programu wenzangu, hapa tukae kidogo. Anwani ya MAC ni biti 48. Biti 24 za kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, na orodha yao iko wazi kwa umma. Zinazobaki ni namba 16,777,216 kwa kila kitambulisho. Zisage zote kwa fomula ileile, linganisha matokeo, umempata mtu wako. Tarakilishi ya kawaida haitatoa hata jasho. Kosa kama hilo lilionekana mwaka 2014, rekodi za safari milioni 173 za teksi za New York zilipotolewa zikiwa na namba za leseni zilizosagwa. Mtu mmoja alizirejesha kwa saa chache. Na hata usipoirejesha, namba iliyosagwa kwa njia moja kila siku inabaki kuwa jina. Ni jina baya tu.

Aprili 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Nomi, iliyokusanya taarifa za simu takriban milioni 9 katika miezi tisa ya mwaka 2013. Iliahidi wateja kwamba wangeweza kujiondoa wakiwa dukani. Njia hiyo haikuwepo.

Kilichoivunja biashara hiyo nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni simu zenyewe. Kuanzia iOS 8 mwaka 2014, iPhone ilianza kutumia anwani za kubuni inapotafuta mitandao, na Android ikafuata. Simu moja sasa huonekana kama wageni wengi. Maduka mengi yamerudi mlangoni, safari hii na kamera za darini zinazopima kina, hivyo zinatofautisha mtu na toroli. Zilizoundwa vizuri huchakata picha ndani ya kifaa na kutoa namba mbili tu: walioingia, waliotoka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo hulinda taarifa za mtu anayeweza kutambulika. Namba 412 haimtambulishi yeyote. Uso hutambulisha. Kwa hiyo muuzaji akikuletea kamera ya aina hiyo, acha aoneshe grafu zake, kisha mwombe akuoneshe data ghafi inayotoka kwenye kifaa kwenda kwenye seva yake, mstari kwa mstari.